Nyayo Bapa

Baba alipigilia msumari ukutani hata kabla picha haijapigwa. Kwenye ukuta ule wa sebule kulikuwa na picha ya babu yangu akiwa na kaptura ya jeshi la Wazungu, picha ya baba mwenyewe na utepe wake wa sajini, na ya kaka yangu ambaye yuko kambini hadi leo. Msumari wa nne ulikuwa wa mwanangu. Hapa Machakos ukiuliza njia ya kwetu utaambiwa, "Ah, kwa wanajeshi," na mtu atanyoosha kidole mlimani bila hata kukutazama. Sikuwahi kulipenda jina hilo wala kulichukia. Lilikuwa letu tu.

Mwanangu alilelewa na babu yake, kwa sababu baba yake alikwenda zake mapema, nami nilikuwa nashinda mjini kwenye cherehani nikishona sare za shule. Alipomaliza kidato cha nne, mzee akaanza kumtengeneza. Alfajiri anamkimbiza kupanda matuta ya shamba, akirudi anamfungua mdomo kukagua meno kama mtu anayenunua mbuzi. Jioni anamlisha maini. "Huyu watamchukua kwa kumwangalia tu," aliwaambia wenzake, wanajeshi wastaafu wanaokuja kwetu kunywa chai Jumamosi, mmoja wao kutoka mbali kule Muthetheni. Mwanangu alikimbia, alifungua mdomo, alikula maini. Mimi nilidhani amekubali.

Wiki ya usajili wa jeshi ilipofika, tulikuwa watatu uani tukipukuchua mahindi. Mwanangu hakupaza hata sauti.

"Umau," alisema, maana ndivyo Wakamba tunavyomwita babu, "mimi sitaenda uwanjani."

"Uko mgonjwa?"

"Niko sawa. Lakini kule mtu anaapishwa. Siwezi kuapa ati nikiambiwa nipige mtu nitampiga. Hiyo maneno nimefikiria sana."

Mzee aliendelea kupukuchua gunzi ambalo halikuwa na punje tena. "Unaogopa kufa."

"Hata hiyo naogopa. Lakini si hiyo inanizuia."

Hapo nikajitosa, maana ulimi wangu haujui kungoja zamu. Nikamwambia si lazima ashike bunduki, kuna wapishi, kuna makanika, hata bendi iko! Akanigeukia kwa upole ule unaoudhi, akaniita mama kwa Kikamba. "Mwaitu, na bendi inapigia nani muziki?" Nilitaka kumzaba kofi, na papo hapo nilitaka kucheka.

Baba alisimama, sinia la mahindi likamwagika. "Asiposimama kwenye laini ile, jioni asionekane kwa boma yangu." Aliniambia mimi, si yeye, kana kwamba mtoto alikuwa ameshaondoka.

Siku zilizofuata sikutulia hata kidogo. Nilishona mfuko wa kaptura kwa ndani, nikaufumua, nikaushona vilevile tena. Nilikwenda kuangalia chumba cha kupanga mjini, nikarudi mbio kwa sababu baba ana presha na hajui chumvi inakaa wapi. Nikimfuata mwanangu namwacha baba. Nikibaki namtupa mwanangu. Nilimkasirikia kijana kwa kuwa na dhamiri iliyonyooka kama rula. Nilimkasirikia mzee kwa kudhani damu ya mtu ni mali ya ukoo. Kisha nikajikasirikia kwa kuwaelewa wote wawili.

Siku ya usajili baba alivaa koti lake lenye medali akateremka mjini peke yake. Nilifunika cherehani nikamfuata. Uwanjani vijana walikuwa wamevua mashati, wamepangwa, wengine wanatetemeka kwa baridi ya asubuhi. Wastaafu wenzake walikuwa kando ya ua, na yule wa Muthetheni akauliza nilichojua lazima kingeulizwa: kijana yuko wapi?

Baba alikohoa. "Miguu imemwangusha. Daktari alimwangalia mapema. Ako na nyayo bapa, zinalala chini zote kama chapati."

Wakasikitika kweli. "Pole, sajini," mzee wa Muthetheni alisema akimshika bega. "Hiyo ni Mungu alipanga."

Sikuwahi kumsikia baba akidanganya. Sauti yake haikuzoea, ilipanda mahali pa kushuka. Lakini jioni ile mwanangu alionekana bomani, na hakuna aliyemwambia atoke. Tulikula, kila mtu na sahani yake. Nilifurahi, sitaficha. Uongo ule ulikuwa umempa mwanangu paa na ugali, na mimi nilikuwa tayari kuulinda kwa meno na kucha.

Ila uongo wa mtu mkubwa huwa unapewa heshima zote. Mama wa mboga alinipa mafuta ya mbarika nimkande mtoto. Jirani akanielekeza kwa fundi wa viatu anayejua kutia kipande cha ngozi ndani. Jumapili mwanangu alirudi kutoka kanisani uso umemshuka. "Mwaitu, wameniombea miguu." Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Yeye hakucheka.

"Nyamaza tu," nilimwomba. "Ukisema, itabidi akufukuze. Ametamka, na unamjua."

"Nilimwambia ukweli kwa uso. Sasa anataka nitembee na ugonjwa sina."

"Tembea nao, basi! Kwani unauma?"

Akanitazama, akatoka nje. Nikajua mambo hayajaisha.

Jumamosi wazee walikuja kama kawaida, wakakaa kwenye benchi barazani, nami nikawa nawamiminia chai. Mwanangu alitoka upande wa tangi la maji, suruali ameikunja, viatu mkononi, miguu inachuruzika maji. Akapanda baraza, akaweka viatu chini, akakanyaga saruji iliyokauka kwa jua, kisha akasogea pembeni ili alama ionekane. Mwenye nyayo bapa huacha alama nzima, pana. Alama ya mwanangu ilikuwa kisigino, ukingo mwembamba na vidole, na katikati pakavu kabisa. Wazee wale walikuwa wamekagua miguu ya makurutu maisha yao yote, hawakuhitaji kufafanuliwa.

"Miguu yangu haina kitu," alisema. "Nilikataa mwenyewe. Siwezi kuua mtu."

Mzee wa Muthetheni aliweka kikombe chini. Hakuonekana na hasira, alionekana amechoka. "Sasa sisi hapa, kijana yangu, tulikuwa tunafanya nini?"

"Sijui, wazee. Hamjawahi kutuambia."

Nilibaki na birika mkononi, nikimngoja baba. Hakuwa na njia tena. Alikuwa ametamka, mashahidi walikuwa wamekaa, na kijana alikuwa amemvua nguo mbele yao. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu kichwani nguo zipi za mwanangu ziko kwenye kamba. Lakini baba hakumtazama usoni. Alikuwa anatazama ile miguu iliyolowa.

"Alikuwa anaosha miguu," akasema.

Hatukuelewa.

"Kule kaskazini, kando ya kisima. Hata bunduki sikuona. Viatu vyake alikuwa ameweka pembeni, amepanga vizuri. Nikaambiwa piga, nikapiga. Hakuwa mkubwa kuliko huyu."

Miaka yote niliyoishi na mtu huyu, nikimpikia, nikimnunulia dawa, sikuwahi kusikia neno moja la habari hiyo. Sijui kama mama alikufa akiijua. Niliona aibu kwa jinsi nilivyokuwa nikipangusa vumbi kwenye picha yake kila wiki. Nilingoja mmoja wa wazee amwambie baba anyamaze, ama acheke, ama aombe sukari. Hakuna aliyefanya hivyo. Mmoja alikuwa amefumba macho.

Mwanangu akainama kuchukua viatu vyake, nadhani alitaka kwenda.

"Acha viatu," baba akamwambia, akisogea kwenye benchi mpaka nafasi ikapatikana. "Kaa hapa. Bado sijamaliza."