Siku Tano Bila Kufungua Mlango

Nina miaka tisa ya ndoa, na hapa Kawajense, mjini Mpanda, mume wangu bado anaitwa Maganga tu, wakati wenzake wote ni baba fulani. Ndiyo maana tuliondoka Mpanda kwenda Dar es Salaam kupandikizwa mimba.

Ndani ya treni ya kwenda Tabora, tulikokwenda kuunganisha safari, Maganga alimpigia mara tatu mdogo wake aliyetoka Sibwesa kutulindia ng'ombe, kuulizia hali yao. Asipowaona kwa macho kila asubuhi, huyu Msukuma wangu hana raha.

Dar es Salaam, siku moja baada ya kutolewa mayai, tuliambiwa matatu yamerutubika. Yalikuwa maabara, ndani ya mashine ya joto.

"Dada, fungua kidogo tu, nichungulie," Maganga alimwomba mtaalamu.

Yule dada alicheka. "Kaka, zamani nasi tulifungua kila siku kukagua. Ukifungua, joto linashuka, hewa inabadilika, viinitete, yaani hayo mayai yaliyorutubika, vinataabika. Siku hizi kamera iko humo humo."

Akatuonyesha kwenye kompyuta picha za kiinitete cha zamani, zikienda haraka. Kiduara kiligawanyika, vikawa viwili, kisha vinne. Nikauliza vinakula nini.

"Maji ya lishe, mama. Tunajaribu kuyafananisha na yaliyomo kwenye mirija yako ya uzazi."

Nikauliza mengine, hadi Maganga akanikanyaga mguu.

Siku ya pili, alfajiri, Maganga alikwenda kusimama mlangoni mwa maabara kama anavyosimama zizini. Mlinzi akamrudisha.

Siku ya tatu viwili viliacha kukua. Nililia sana.

"Zamani tungevirudisha tumboni mapema, bila kujua kipi kina nguvu," dada alisema. "Sasa tunaweza kuvilea hadi siku ya tano. Tusubiri."

Siku ya tano nilipandikizwa kile kimoja kilichobaki.

Safari ya kurudi nilikaa dirishani nikiwaza. Miaka yote nilidhani kutunza kitu ni kukichungulia kila saa.

Nyumbani, baada ya siku chache tu, nilishika kipimo cha mimba cha mkojo. Maganga akaninyang'anya.

"Acha, wewe. Tusifungue mapema. Si walitupa siku ya kupima?"

Siku ilipofika nilichukua kipimo, nikaingia chumbani na kurudishia mlango. Yeye alikaa nje, hata kugonga hakugonga. Nikaitazama mistari, nikaihesabu tena. Miwili.

"Sasa fungua," nikamwita. "Ingia, baba fulani."