Mayai Niliyoyaruka

Mimi ni fundi cherehani, si mkalimani. Lakini hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, ukijua Kichewa kidogo na Kiingereza cha shule, kila mgeni mwenye faili mkononi anakuvuta mbele ya watu umsemee. Kichewa changu nilikiokota kwa wateja, akina mama wa Kimalawi wanaoleta vitenge vya harusi na kutaka vishonwe jana. Basi ofisa wa wanyamapori alipokuja kuzungumza nasi habari za kanga wa porini, niliitwa niache mashine nikamtafsirie.

Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionikera. Angefoka, ningemchukia na yakaisha. Alieleza kwamba zamani kanga walishuka makundi makundi kwenye mashamba ya mahindi baada ya mavuno, na sasa unaweza kuzunguka vilima vile asubuhi nzima usisikie hata mlio mmoja. Kuwinda kuna leseni na kuna msimu, akasema. Wakati wa mvua, wanapotaga, hairuhusiwi kabisa. Mitego ya waya ni marufuku mwaka mzima. Nilitafsiri yote hayo kwa sauti kubwa, mkono kiunoni, utadhani sheria nimeitunga mimi.

Kisha akafika kwenye mayai. Kuokota mayai ni kosa lilelile, tena baya zaidi, kwa sababu mwenye mtego anamaliza ndege mmoja, lakini anayekomba kiota anamaliza kundi zima.

Hapo nikaruka. Nyuma ya nyumba yangu, kando ya pipa la maji, kuku wangu alikuwa ameatamia mayai kumi na moja ya kanga. Nilijiambia siwezi kujihukumu mwenyewe mbele ya umati, watoto wangu watatu wakinitazama. Nikasema tu, "Anatuomba tuchunge bandege." Watu wakapiga makofi. Ofisa naye akapiga, maskini, akiamini amesikika.

Mayai yale nilipewa na jirani yangu, mzee wa Kirundi aliyekuwa akilea wajukuu wawili peke yake. Hakuna aliyewajua kanga kama yeye. Kwao mayai ya kanga hayaguswi kwa mkono. Huchotwa kwa kijiko cha mti chenye mpini mrefu, na hayamalizwi: huachwa matatu, ili mama akirudi asinuse harufu ya mtu, aendelee kutaga palepale. Mzee alijiona mlinzi wa ndege wale kuliko ofisa yeyote, na mimi nilimwona hivyohivyo.

Mkutano ulipokwisha akanifuata njiani.

"Mama, na mayayi je? Ule mukubwa hakusema kitu juu ya mayayi?"

Nafasi ya kurekebisha ilikuwa hiyo, imeletwa mpaka miguuni pangu. Nikamjibu, "Hapana, papa. Alisema bandege tu."

"Eh, njo bizuri," akasema, akaenda zake ametulia.

Wiki mbili baadaye walimkamata sokoni Area 36, mtaa wa Lilongwe, na kapu la mayai yaliyofunikwa majani makavu. Hajui Kichewa, kwa hiyo wakatuma watu kuniita nikamtafsirie. Nilifunga mashine nikaenda mjini, kwenye ofisi ya wanyamapori. Jumatatu iliyofuata yeye na wajukuu wake walikuwa na usaili City Centre wa kuhamishiwa nchi nyingine, usaili walioungoja miaka kumi na minne. Na kambini hata mtoto anajua: mtu akiwa na kesi, faili lake linalala, na wa nyumbani kwake wanalala nalo.

Ofisa alikuwa yuleyule. Kabla hatujaingia alinivuta kando, akanieleza kwa Kichewa, kwa ule upole wake. Kama mzee hakuelezwa habari ya mayai, atamwonya na kumwachia arudi nyumbani leo. Kama alielezwa akafanya makusudi, hana njia ila kumpeleka mahakamani.

Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi, kofia magotini.

"Muulize," ofisa akasema, "siku ile hakunisikia nikizungumza habari ya mayai?"

Nikauliza. Mzee akanitazama, na nikaona anavyoelewa, polepole, kuanzia machoni. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, kwa Kirundi, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote, ofisa aone mwenyewe pasipo mimi kutafsiri.

"Umuambie nilisikia," akasema. "Nilisikia yote. Ni njaa njo ilinituma."

Kisha akashusha sauti. "Usiseme ingine, mama. Batakufunga na we, na uko na batoto."

Ofisa alikuwa ameinua kalamu. "Anasemaje?"

Ningeweza kusema. Mpaka leo najipangia maneno yale nikiwa kwenye mashine, kwa Kichewa safi, na kila mara yanatoka bila shida: mimi ndiye niliyeruka, mzee huyu aliniuliza nikamdanganya. Ni maneno machache tu. Siku ile niliwafikiria watoto wangu, nikaogopa, na ninaona aibu kuandika kwamba woga ule ulikuwa na nafuu ndani yake.

"Anasema alisikia yote," nikasema. "Anasema ni njaa."

Ofisa akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, akaandika. Mzee akaweka dole gumba pale alipoonyeshwa. Halafu karatasi ikageuziwa kwangu, kwa sababu chini kabisa palikuwa na mstari wa mkalimani, anapothibitisha kwamba ametafsiri yote yaliyosemwa bila kuacha kitu. Nikatia sahihi.