Mkwe Atembea Majengo

Mgeni huyu hutoka Madaba kila akisikia Majengo kumefunguliwa kitu kipya. Anapapasa mabati dukani kwa Mkinga, anaonja korosho za Myao wa Tunduru, anachungulia banda la video mikono nyuma kama mkaguzi. "Mji umekua, jamani!" Halafu mama mtu mzima anatokea kwa mbali, na mgeni anageukia ukuta ghafla, hata kama rangi haijakauka. Mama mkwe wake amehamia mtaa huu, ila mgeni hajui ni nyumba ipi, na kwetu Wangoni mkwe hakutani na mama mkwe uso kwa uso, ni aibu ya ukoo mzima. Ndiyo maana shati lake lina rangi ya kila nyumba mpya.

Jumamosi alimkwepa mama mmoja namna hiyo, akakimbilia saluni ya dada Kunegunda. Kumbe mama mkwe mwenyewe yumo, amekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele, kichwa kimejaa rola. Mama akageukia ukuta huku, mgeni akageukia ukuta kule. Mashine ikaendelea kuvuma.

"Dada," mgeni akasema, pua ikigusa chokaa, "muulize mama, hawajambo nyumbani?"

"Mwambie hatujambo. Na mwambie kichwa changu bado hakijaiva, kwa hiyo atoke yeye."

Mgeni akaanza kurudi kinyumenyume, akipapasa mlango.

"Kunegunda! Mwambie pia, habari za hizi nywele mwanangu, mkewe, asizisikie!"

"Dada, mwambie mama mimi sijaona kitu."