Kipumulio Kilichopigwa Lakiri

Mume wangu ni mkaguzi wa mizani. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake imekuwa kuingia madukani, maghalani na kwenye vituo vya mafuta, kuweka mawe yake ya kupimia juu ya mizani za watu na kuwaambia wanapunja gramu kumi na mbili katika kila kilo. Mizani inayofaulu anaipiga lakiri: anapitisha waya mwembamba kwenye skrubu, anabana kipande cha risasi juu yake kwa koleo la ofisi, na tangu hapo atakayekata waya huo bila idhini ana kesi ya kujibu. Mtaani wanamwita Bwana Gramu. Jina halipendi, ila ukimwita anaitika.

Mimi ndiye mkewe, kwa hiyo naomba nisikilizwe. Nyumbani kwetu mkate haukatwi kabla haujapimwa. Saa ya ukutani ina cheti. Fundi bomba akija, anahojiwa mlangoni mpaka maji yanayovuja yanachoka yenyewe. Nimezoea. Ngozi ya mke ikishakuwa ngumu haihisi tena.

Asiyezoea ni binti yetu. Miaka minne iliyopita alimleta nyumbani kijana aliyetaka kumuoa, kijana wa watu, amechomekea shati na kushika maua. Mume wangu alimwomba barua kutoka kwa waajiri watatu, akamtazama meno, akamwambia arudi baada ya miezi sita kwa ukaguzi wa pili. Kijana hakurudi. Mwezi haukuisha binti naye akaondoka, akaenda kisiwani, nchi nyingine kabisa, akawa mwalimu wa kuzamia. Tangu hapo simu zote zilikuja kwangu. Za baba yake zilikuwa salamu tu, na salamu hizo nilizipeleka mimi.

Basi mwaka jana mume wangu, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, akajiandikisha kujifunza kuzamia katika bwawa la hoteli moja. Alisema alikwenda kukagua geji ya mashine yao ya kujazia mitungi ya hewa, akaikuta inasema kweli tupu, na jambo hilo lilimgusa moyo. Sawa. Mimi nina akili zangu. Mtu hajifunzi kuvua miwani chini ya maji kwa sababu ya geji.

Nilipompa binti habari hizo akasema nimwambie Baba aende wakazame pamoja, wiki moja, yeye atachukua likizo. Vifaa vimejaa ukutani shuleni kwao, aende na kaptula yake tu. Nilifunga safari ya kutoka jikoni mpaka sebuleni nikikimbia. Kwa miaka minne nilikuwa naomba jambo hilo moja tu.

Mume wangu alifurahi mpaka akakaa chini. Kisha akasema atakwenda, ila na kipumulio chake mwenyewe. Hawezi kuweka mdomoni kitu asichokijua. Nikamwambia basi anunue kipya. Akanitazama kama niliyetukana.

"Kipya hakina rekodi," alisema. "Kipya ni ahadi. Kilichotumika kimeshapata nafasi ya kuua mtu na hakikuua."

Na hilo ndilo tatizo lake: ukimsikiliza sana unaanza kumwelewa. Akanichorea kwenye karatasi. Kipumulio ni kichwa cha chuma kinachofungwa kwenye mtungi wa hewa, mipira inayotoka kichwani, kipande cha mdomoni, kingine cha njano cha akiba, na geji ya kukuambia hewa imebaki kiasi gani. Cha kusafiria kiwe chepesi, tena cha aina ya kawaida, ili ukiharibikiwa mbali na kwenu fundi wa huko awe na vipuri. Kichwa kiweze kukubali mitungi ya aina zote mbili, kwa kuwa kuna nchi za klampu na nchi za kukaza kwa nyuzi za skrubu. Na kiwe na daftari la matengenezo, kila mwaka limesainiwa. Bila daftari ni mbuzi kwenye gunia.

Muuzaji wa kwanza alikuwa daktari wa meno aliyeapa kwamba alikitumia mara moja. Mume wangu akachungulia chujio dogo kwenye kichwa cha kipumulio, akalikuta la kijani kama sufuria ya shaba iliyosahauliwa. Akamuuliza mara moja hiyo ilianza mwaka gani na ilikwisha lini. Wa pili alikuwa mama mmoja aliyeachwa na mumewe, anauza vitu vyote vya yule bwana kwa bei ya hasira. Mume wangu aliikunja mipira, ikafunua nyufa kama za visigino. Yule mama hakujali. Alisema akichukua atamwongezea nguo ya kuzamia, mapezi ya miguuni, na akipenda ampe na mawifi wawili.

Wa tatu ndiye alikuwa mwenyewe. Alikuwa mpiga picha wa harusi aliyewahi kupata wazo la kupiga picha za ndoa chini ya maji, akanunua vifaa, akapata maharusi wa kwanza, siku ikafika, ikagundulika kwamba mfungisha ndoa hajui kuogelea. Biashara ikafa hapo hapo. Lakini kipumulio alikitunza, kila mwaka kwa fundi yule yule, saini ile ile, risiti zimebanwa kwenye daftari. Mume wangu alipoliona daftari lile alivua kofia.

Alimhoji kwa saa mbili, studioni, mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Kisha akafanya jaribio kubwa. Unaziba mlango wa hewa wa kichwa kwa kifuniko chake, unaweka kipande cha mdomoni, unavuta pumzi. Kikiwa kizima hakitakupa chochote. Kikikupa hata kidogo, mahali pana tundu. Alivuta mpaka macho yakamtoka machozi na mashavu yakaingia ndani. Bibi harusi aliyekuwa amekuja kuchagua picha akamvuta mumewe mkono, wakaondoka.

"Kimenikatalia," mume wangu aliniambia, na uso ulikuwa wa mtu aliyekubaliwa posa.

Mngedhani yaliishia hapo. Aliazima mtungi kwa mwalimu wake wa bwawani, akakiweka kipumulio kwenye majaribio ya siku saba. Alikivaa kwenye beseni la kuogea. Alikivaa akisoma gazeti. Aliweka dawati dogo karibu na kiti chake na kuandika, kila robo saa, kama pumzi imekuja kwa urahisi. Jumapili mama mkwe alikuja chakula cha mchana. Mume wangu alitoa kipande mdomoni, akatafuna, akameza, akakirudisha, mtungi umesimama pembeni kama mtu wa nne mezani. Mama mkwe akaninong'oneza madaktari wamesemaje. Nikamwambia mwanao ni mzima, Mama, anajaribu kifaa tu. Akanishika mkono, akaniambia nijikaze.

Siku ya saba kikafaulu. Na hapo ndipo mume wangu alipofanya kile ambacho mkono wake umekifanya mara elfu na elfu bila kumwuliza mwenyewe. Alikivua kwenye mtungi, akakifuta, akafungua mkoba wa kazi, akapitisha waya kwenye skrubu ya klampu, ile ya kukikazia kwenye mtungi, akabana risasi kwa koleo. Akakipiga lakiri. Mimi nilikuwa nakunja nguo, nikaona, wala sikuwaza kitu.

Aliyewaza ni mwalimu wa bwawani, siku tano kabla ya safari, waliposhuka kwa zoezi la mwisho. Alijaribu kukifunga kwenye mtungi, skrubu ikagoma. Akauliza waya ule ni wa nini. Mume wangu akautazama, akasema ni wa serikali.

Sasa, mtu mwingine angeukata. Wa kwangu alirudi nyumbani akafungua sheria. Lakiri haikatwi ila na mkaguzi, na mkaguzi haruhusiwi kukata lakiri ya kifaa chake mwenyewe, maana hapo pana maslahi binafsi. Akaandika barua kwa ofisi yake, yaani kwa chumba cha pili kutoka chake. Ofisi ikajibu kwamba haina faili la vipumulio. Aeleze kama kitu hicho ni mizani, ni kipimo cha urefu, ama ni pampu. Walijadiliana siku mbili, watu wazima, wenye wake. Mwishowe mkuu wa ofisi akaamua ni pampu, kwa kuwa kinatoa kitu kwa kiasi. Lakini pampu kwa mujibu wa taratibu hukaguliwa mahali ilipofungwa, na mahali penyewe palikuwa mdomo wa mume wangu. Mkaguzi wa pampu angefika baada ya siku kumi na nne.

Safari ilibakiza siku mbili, na tiketi zetu mbili zilikuwa zimeshalipwa. Nilichukua koleo la fundi umeme kwenye droo ya jikoni, nikamfuata mezani.

"Kilete," nilisema. "Nitaukata mimi. Nifungwe mimi."

"Utakuwa umekata lakiri halali, mke wangu."

"Na wewe utakuwa umekwenda kumwona mtoto wako."

Akakifunika kipumulio kwa mikono miwili. Nakiri nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Kipumulio salama kuliko vyote duniani kilikuwa mezani petu, kwa sababu hakuna binadamu aliyeweza kukitumia.

Nikampigia binti, nikamsimulia yote nikidhani atacheka. Hata mimi nilikuwa nacheka, maana nilikuwa nimeishiwa. Hakucheka. Alisema, taratibu kabisa, "Mama, mwambie Baba abaki tu. Kama hata hewa ya kwangu haiamini, atakuja kufanya nini?" Akakata simu.

Nilimpelekea maneno hayo kama yalivyo, sikupunguza gramu. Alikaa pale na barua yake ya pampu mbele yake mpaka chai ikapoa. Halafu akainuka, akaenda chumbani, nikamsikia akivuta sanduku kutoka juu ya kabati. Akatia kaptula. Akatia fulana tatu na miwani ya kusomea. Kipumulio akakiweka kwenye rafu, lakiri yake ikining'inia, akaniuliza kama pasi zetu za kusafiria ninazo mimi. Nilimkasirikia bado, na nilitaka kumkumbatia, nikaishia kumwambia atafute soksi.

Binti alitupokea vizuri, kwa adabu, kama wateja. Amekuwa mweusi wa jua na mkavu wa mwili. Asubuhi iliyofuata tulipanda boti ndogo ya plastiki, sisi watatu na nahodha, tukatoka kidogo tu ufukweni. Nilisema mimi nitabaki juu. Maji sikuyavulia nguo, kwa hiyo si lazima niyaoge. Boti ilipotia nanga, binti alitoa kipumulio kwenye mfuko, akakifunga kwenye mtungi wa baba yake, akafungua hewa. Chini ya kwapa alikuwa amebana faili nene la kijivu. Nilimwona anavyomwangalia. Alikuwa anangoja.

Mume wangu alikichukua kipande cha mdomoni, akakigeuza mara moja. Niliacha kupumua mimi niliyekuwa nchi kavu ya boti.

"Umekikagua wewe?" aliuliza.

"Mimi, Baba."

"Basi." Akakitia mdomoni.

Binti alibaki na faili mkononi. Alimwambia asome kwanza, yote yamo, daftari la matengenezo, tarehe, kila kitu. Baba yake akatikisa kichwa, mapovu ya mate pembeni mwa midomo, akashusha miwani ya kuzamia machoni. Akamwambia tena, Baba, angalia tu ukurasa wa kwanza, akamfungulia faili mbele ya miwani. Mzee alikuwa ameshakaa ukingoni, mgongo kwa maji, amempa mkono. Binti akanitupia faili, akavaa vyake, akaushika ule mkono, wakaangukia majini kinyumenyume kwa pamoja.

Nilikaa. Nahodha alikuwa anakula karanga. Kwa kukosa la kufanya nikalifungua faili. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Alikuwa ameandika kwa mkono wake kurasa saba za maswali, mstari kwa mstari, na majibu mbele yake. Baba akiuliza nani alibadilisha mipira: mimi, mwezi wa pili. Baba akiuliza kama chujio limetazamwa: ndiyo, jana. Baba akiuliza nani amekitumia: mimi peke yangu, ni cha kwangu. Yalifika arobaini na moja. La mwisho lilikuwa chini kabisa ya ukurasa wa saba. Baba akiuliza kwa nini sikurudi nyumbani. Mbele yake hakuwa ameandika kitu.

Nikalifunga faili, nikalikalia lisipeperushwe na upepo.