Kabichi ya Mwalimu Aikande

Mwaka 2003 mwalimu Aikande alipangiwa kufundisha kemia katika sekondari moja kule Oldonyo Sambu. Maabara ilikuwapo: meza sita, bomba lisilotoa maji, na kabati ambalo nyuki walikuwa wamelihamia. Mkuu wa shule, mwalimu Elihuruma, alimwonyesha chumba hicho kwa fahari, kisha akafunga mlango polepole ili asiwachokoze nyuki.

Aikande hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa mtukutu. Kila Jumamosi alishuka mjini, akaketi kwenye intaneti kafe ya Hans pale Sekei, akafungua tovuti ambako walimu wa kemia wa nchi mbalimbali waliweka masomo yao bure. Ukurasa mmoja ulifunguka kwa muda wa kumaliza kikombe kizima cha chai. Alinakili majaribio kwa mkono, hasa yale yaliyohitaji jiko tu.

"Kwa hiyo siku hizi tunafundishwa na kompyuta?" mkuu alimuuliza mbele ya walimu wenzake.

"Hapana, mkuu. Na kabichi."

Na kweli, Jumatatu aliingia kidato cha tatu na kabichi ya zambarau, ile inayolimwa kwa ajili ya hoteli za watalii. Aliichemsha, akagawa maji yake kwenye glasi. Akakamulia ndimu: yakawa mekundu. Glasi nyingine akatia magadi: kijani. Darasa lilipiga kelele hadi mwalimu wa Kiswahili wa chumba cha jirani akaja kuwagombeza, akaishia kukaa.

"Asidi nyekundu, besi kijani," alisema Aikande. "Leteni chochote tupime."

Yakaja majivu, sabuni, mate ya mwanafunzi aitwaye Sakaya. Ndipo Silantoi, binti mpole wa dawati la mbele, akasimama.

"Mwalimu, tupime maziwa ya chai ya walimu."

Maziwa hayo yalitoka kwa ng'ombe wa mkuu mwenyewe. Mkewe, Mama Violet, aliyaleta kila asubuhi, na mkuu hakuchoka kuyasifia. Aikande alijua kabisa kwamba anapaswa kukataa. Akaenda jikoni mwenyewe kuyachukua.

Maziwa safi yangebaki na uzambarau uliofifia. Haya yakawa kijani. Akarudia. Kijani. Alipoinua kichwa, mkuu alikuwa mlangoni.

"Nini hicho?"

"Maziwa, mkuu."

"Ya nani?"

Sakaya akajikohoza. "Yako, mkuu."

Mkuu alichukua glasi, akavuka nayo uwanja hadi nyumbani kwake, akitembea kwa uangalifu isimwagike, na shule nzima madirishani. Mama Violet, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, wala hakukana.

"Natia magadi kidogo tu, Baba Violet. Ya jana jioni yanaanza kuchacha kabla ya saa nne, yanakatika kwenye chai. Mwaka wa tatu huu unayasifia!"

Kesho yake mkuu alitangaza kwenye kikao, macho yakiwa darini, kwamba walimu watakunywa chai ya rangi hadi watakapoarifiwa vinginevyo. Kisha akamwita Aikande ofisini na kufunga mlango. Aikande alishajiandaa kwa barua ya uhamisho.

"Hiyo tovuti yako," mkuu alisema kwa sauti ya chini, "haina somo la kutunza maziwa yasichache?"

"Nitatafuta Jumamosi, mkuu," alijibu, akijiuma mdomo asicheke.

Ijumaa Mama Violet alibisha hodi nyumbani kwa Aikande. Aikande akafungua mlango nusu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwalimu, nigawie yale maji ya kabichi, chupa moja."

"Ya nini tena, mama?"

"Kuna mwanamke anauza maziwa pale barabarani, anajitangaza kwamba yake ndiyo safi kuliko ya watu wote." Mama Violet akatabasamu. "Nataka kwenda kumsalimia."

Aikande akamjazia mbili.