Fundi wa Kunyoa Mioyo

Hospitalini walimwita Mama Mioyo, na aliyepita mlangoni pa karakana yake hakukosa mzaha.

"Mama, nichapie na mimi. Wangu umevunjwa."

"Lete picha kwanza," angejibu bila kuinua macho. "Nisije nikachapa jiwe."

Picha za kifua cha mgonjwa ziliingia kwenye kompyuta yake, zikapangwa moja juu ya nyingine mpaka moyo mzima ukasimama kwenye skrini. Kisha mashine iliuchapa kwa plastiki laini, tabaka juu ya tabaka, ili daktari mpasuaji aufanyie mazoezi kabla ya kumgusa mgonjwa mwenyewe. Miaka yote hiyo Mama Mioyo hakuzoea: kushika kiganjani moyo wa mtu ambaye yuko ghorofa ya juu, anakunywa chai.

Kila moyo ulitoka mashineni na ndevu, vijiti vyembamba vya kuushikilia usilale wakati wa kuchapwa. Alizinyoa kwa wembe.

Siku hiyo alinyoa moyo wa mtoto wa kike ambaye angepasuliwa kesho yake, akaupeleka kwa daktari. Aliporudi kufuta meza, akaona kati ya ndevu alizonyoa udevu mmoja haukunyooka kama wenzake. Ulipinda kama mzizi. Akafungua kompyuta, akaugeuza moyo ule taratibu mpaka akauona ulipotoka. Haukuwa udevu.

Akauokota, akamkuta daktari ofisini, moyo wa plastiki umeshapasuliwa mbele yake.

"Daktari, nimekunyolea mshipa."

Daktari akanyoosha mkono. Akaupokea ule uzi wa plastiki, akaulaza juu ya moyo, akausogeza mpaka ukakaa mahali pake. Ulikatiza katikati ya mpasuko wake.

"Huu ndio unaoulisha moyo wenyewe," alisema polepole. "Kwa kawaida haupiti hapa. Na mimi kwa kawaida hapa ndipo ninapokata."

"Ungeuona kama nisingeunyoa."

"Labda. Au ningesema, leo Mama kasahau udevu." Hakucheka. "Nichapie mwingine. Mshipa huu usiuguse kabisa. Na kesho uje uone."

Asubuhi walimvika kofia na barakoa, wakamsimamisha juu ya kigoda nyuma ya mtaalamu wa usingizi. Kifua kilipofunguliwa, aliutambua moyo ule kama mtu anavyomtambua ndugu stendi: uvimbe ule, mteremko ule. Ila huu ulikuwa unacheza. Na juu yake, chini ya utando wa mafuta, ulipita uzi mwekundu, umepinda vilevile. Kwake ulikuwa takataka ya mezani. Hapa ulikuwa maisha ya mtoto wa watu.

Wakausimamisha moyo, mashine ikashika kazi yake, kisha kisu kikashuka kando ya uzi ule, kikaupisha.

"Mama, pumua," mtaalamu wa usingizi alimnong'oneza. "Mtoto ana mashine ya kumpumulia. Wewe huna."

Akapumua. Mwishoni, moyo uliokuwa umesimamishwa ulishtuka, ukatulia, ukashtuka tena, kisha ukashika mwendo. Uzi ule ukajaa damu.