Pembe za Baiskeli ya Matonya

Baba yangu Matonya aliiita baiskeli yake ng'ombe, na usukani wake aliuita pembe. Hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa Mgogo wa Buigiri aliyekulia nyuma ya mifugo, na Kiswahili alikipata ukubwani, kwenye kazi ya reli, enzi za Wajerumani. Kitu chenye ncha mbili zilizopinda, unachokishika ili mnyama afuate njia, angekiita nini kingine? Kwa neno hilo moja walimchapa viboko, na aliyeweza kuwazuia alijifanya halijui. Naandika kama mama yangu Anyesi alivyonisimulia, na kila nikifika kwa mtu huyo nasaga meno.

Mguu wa kushoto wa baba uliharibika karibu na Gulwe. Taruma la chuma, lile la kulalia reli, liliponyoka mikononi mwa wenzake likamponda kifundo. Walimfunga kitambaa wakamwambia aende kwao. Alichorudi nacho ni baiskeli kuukuu ya Mzungu mpima njia, ambaye alikuwa anaondoka na hakuona haja ya kusafirisha chuma chakavu mpaka pwani. Baba akajifunza kuiendesha kwa mguu mmoja wa nguvu na mwingine wa kuusindikiza. Akiwa juu ya kiti alikuwa mzima kama mtu yeyote. Akishuka, anarudi kuwa kiwete.

Boma la Dodoma likamfanya tarishi wa kupeleka barua Buigiri na Kongwa. Faida yake ilikuwa kwamba tarishi mwenye baiskeli hakamatwi kwenda upagazi. Reli ilikuwa imefika, ndiyo, lakini mizigo ya Kondoa bado ilikwenda juu ya vichwa vya watu, na waliovikusanya vichwa hivyo walikuwa maakida wa serikali. Mtu mwenye kifundo kama kile akitwishwa mzigo wa Kondoa angeachwa njiani kwa fisi. Mama alilijua hilo, baba alilijua, na akida alilijua.

Akida wetu aliitwa Yahaya. Siku moja alifika nyumbani na watu wake, akaikuta baiskeli imeegemea ukuta wa tembe.

“Hebu nimpande huyu ng'ombe wako,” alisema. “Hizi ndizo pembe zake?”

“Ndizo, bwana akida. Lakini breki hana.”

Akida hakungoja kusikia habari ya breki. Aliteremka kuelekea korongoni, kanzu inapepea, na watu wakampigia makofi kwa sababu walimwogopa. Korongo halikumwogopa. Alipanda kutoka humo amejaa vumbi mpaka masikioni, na mkononi ameshika kipande cha usukani kilichokatika pale unapoingia shingoni mwa baiskeli. Hakuna aliyecheka. Wangecheka, labda hasira yake ingeishia kwao.

Alimtupia baba kile kipande miguuni. “Ng'ombe wako mkorofi. Mtengeneze. Msafara wa Kondoa unaondoka mwezi ukiandama, na tarishi asiye na baiskeli ni mpagazi kama wapagazi wengine.”

Yaani aliyevunja ndiye aliyeweka siku ya mwisho.

Baba aliifunga baiskeli juu ya punda wa jirani akaenda nayo Dodoma, kwa mzee Mbaruku, fundi aliyekuwa anaziba masufuria na kutengeneza magobore.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Nani kamchinja huyu?”

“Akida.”

Mbaruku akachungulia nje kwanza. “Basi kaanguka mwenyewe,” alisema.

Alikuwa na usukani mmoja mpya, unang'aa, umening'inia ukutani. Akajaribu kuupitisha kwenye shingo ya baiskeli. Ukagoma. Akaupaka mafuta, ukagoma.

“Shingo yako ni ya zamani, mdomo wake mwembamba. Sukani za siku hizi zimenenepa.”

“Uchonge huo mdomo, mzee.”

“Nikiuchonga unapasuka, ndipo utakosa na shingo yenyewe.”

Akachonga mpingo badala ya chuma. Ukapita vizuri, wakaukaza. Baba alifika nao mpaka kwenye vichaka vya nje ya mji, ukakatika bila kutoa taarifa, akaangukia miiba ya kuchomoa wiki nzima. Mwezi mkongwe ulikuwa umebaki kama ukucha.

Mama ndiye aliyepata njia. Alikunjua waya wa shaba aliouvaa mkononi, akauzungushia kile kipande kilichovunjika, mahali palepale pa kuingilia shingoni, akausokota ukawa pete. Pete hiyo wakampa Mrisho, mtia kuni kwenye garimoshi, ambaye alijua rundo la vyuma vya zamani huko Morogoro.

“Kitakachopita humu bila kucheza, ndicho,” baba alimwambia. “Pembe mbili, Mrisho. Usinisahau.”

“Pembe!” Mrisho alicheka mpaka akashika mbavu. “Wewe Mgogo, siku moja utaniambia nikukamulie hiyo baiskeli!”

Mrisho alilipenda neno lile, na kulipenda kwake ndiko kulikotuponza. Siku aliyorudi, baba alikuwa stesheni anamngoja. Garimoshi halijasimama vizuri, Mrisho akatoa kichwa chenye masizi akapiga kelele mbele ya watu wote:

“Matonya! Pembe zako mbili nimezipata! Nimezificha chini ya kuni!”

Askari wawili wa boma walikuwa wamesimama hapohapo. Wakati ule pembe ilikuwa pembe ya ndovu, na kuwa nayo bila kibali ni kosa. Walimshika baba kabla hajageuka. Gunia walilitoa chini ya kuni, limefungwa kamba kila upande, lina kitu kigumu kilichopinda. Mrisho alipayuka kwamba ni usukani tu, ni utani tu, wakamrudisha ndani kwa kitako cha bunduki. Filimbi ikalia, garimoshi likaondoka naye kwenda magharibi, na shahidi wa baba akaenda nalo.

Bwana mkubwa wa boma alikuwa anajua Kiswahili cha kutosha kuamuru na kuulizia. Akida Yahaya alikuwepo barazani kwa habari ya wapagazi wake. Gunia lilisimamishwa ukutani, karibu kiasi kwamba baba angeweza kuligusa kwa mguu.

“Umeagiza pembe?” Bwana aliuliza.

“Ndiyo, bwana. Pembe za baiskeli.”

Bwana akamgeukia akida. “Baiskeli ina pembe?”

Nimejaribu mara nyingi kumtafutia akida udhuru hapa. Labda hakusikia. Labda alichanganyikiwa. Lakini alikuwa amezishika pembe zile kwa mikono yake miwili, akazitaja kwa jina hilohilo, akaenda nazo korongoni. Angesema ndiyo, ingembidi aeleze za kwanza zilivunjwa na nani.

“Mimi sijapata kuona baiskeli yenye pembe, bwana,” alisema.

Wakamlaza baba kifudifudi. Hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Mama hakusimulia zaidi ya hapo, nami sitabuni.

Walipomaliza, karani akaletewa mizani apime pembe, akakata kamba. Ukatoka usukani. Mkuukuu, mweusi kwa moshi, na pete ya shaba imevishwa katikati yake. Bwana aliutazama, kisha akacheka sana, na barazani wote wakacheka naye, kwa maana alikuwa ameanza yeye.

“Kwa nini hukusema?” Bwana akamuuliza.

“Nilisema, bwana.”

Akida akainama kwa upole, kama mjomba. “Ungesema usukani, Matonya. Lugha nayo ni kujifunza.”

Hakuna aliyesema pole, hata yule karani.

Baba alilala kwa tumbo nyumbani kwa Mbaruku, ilikokuwa inangoja baiskeli. Mzee yule hakulala, alikuwa anautia usukani waliomrudishia baba kwenye shingo, na safari hii ulipita kama mkono unavyopita kwenye shati lake. Usiku huo mwezi uliandama.

Asubuhi wapagazi wa Kondoa walipangwa mbele ya boma. Akida alikuwa anaita majina, na akafika kwa Matonya. Baba akatokea kwenye njia ya stesheni, amesimama juu ya pedali, kwa sababu kukaa kitini hakuweza. Kile kifundo kibovu ndicho kilichobeba uzito. Alikuja hivyo mpaka mbele ya Bwana, akashuka, akanyoosha mkono kupokea mfuko wa barua za Kongwa. Bwana akampa. Jina lake likarukwa.

“Kumbe ng'ombe kapona!” akida alisema kwa sauti ya kufurahisha watu. “Hebu nimjaribu kidogo.”

Baba alitoa spana ya Mbaruku mfukoni, akalegeza nati, akaigonga, akachomoa shingo pamoja na usukani wake, akavipakata kifuani kama kichwa cha beberu. Kiunzi akakiegemeza kwa akida.

“Panda, bwana akida. Pembe nakaa nazo mimi.”

Kwenye mstari wa wapagazi mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Bwana alikuwa anatazama, na mbele yake akida asingeweza kugombana na tarishi mwenye barua za serikali mkononi. Akakiachia kiunzi kikaanguka, akaendelea kuita majina.

Tangu siku hiyo baba hakuiacha baiskeli mahali ikiwa nzima. Kanisani, sokoni, hata msibani, alichomoa pembe zake akaingia nazo, akakaa zimelala mapajani. Watu walimwambia Wajerumani wameshaondoka, na Yahaya naye ameshakufa. Alisikia, akaendelea kuzichomoa. Neno usukani alilijua vizuri sana. Sikuwahi kumsikia akilitamka.